Masuali ya Makame Vuai

Mwanangu Rukia,

Nimekaa kuandika wewe ukiwa umekwenda Jang'ombe kuwaaga shangazi zako, na najua hutorudi kabla ya isha, kwa sababu kule hakuna anayeachiwa kuondoka bila ya kula mara mbili. Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi. Hapa nataka kuyaweka ambayo mdomo wangu umeshindwa kuyasema kwa miaka kumi na sita.

Mambo ya chumba, ya chakula, ya nani wa kumwendea ukiumwa, shangazi yako mkubwa keshakuandikia karatasi nzima. Sina la kuongeza. Langu ni moja, na limenikaa kifuani tangu Ijumaa iliyopita. Binamu yako Asya alikuwa anakusaidia kufunga sanduku pale uani, akakuuliza kwa nini vyombo viwekwe chini na nguo juu. Ukamwambia, hata kumtazama hukumtazama: "Usiniulize. Fanya nilivyokwambia." Asya akanyamaza. Mimi nilikuwa nanawa mferejini, maji yakaendelea kumwagika na mimi nimesimama tu. Ile sauti haikuwa yako, mwanangu. Ilikuwa yangu.

Unakwenda Dar es Salaam kuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha sabuni. Umesoma, umestahili, na mama yako angekuwa hai angepiga vigelegele mpaka majirani waje kutazama. Lakini kuna watu watakaosogelea mapipa ya magadi yanayochemka kwa neno lako, na katika hao atakuwepo mmoja wa kuuliza. Kila mahali pa kazi yupo. Nataka nikusimulie wa kwangu.

Wewe unajua kwamba nilikuwa msimamizi wa wachukuzi bandarini, hapa hapa Malindi. Hujui namna nilivyoiogopa kazi ile. Babu yako alikuwa na shamba la minazi upande wa Mtoni. Mimi nilipopata akili, shamba tulikuwa tumeshanyang'anywa, na yeye alikuwa fundi saa anayekaa kwenye kibaraza cha mtu mwengine. Nilianza bandarini kwa kubeba magunia. Walipogundua kwamba naweza kusoma karatasi za Kiingereza zinazokuja na mizigo, wakanipandisha. Siku ile niliporudi nyumbani, babu yako alisimama kunipokea mlangoni kama anayempokea mgeni. Nikajiona nimerudishiwa kitu. Tangu hapo nikawa naishi kwa khofu ya kunyang'anywa tena, na khofu ile niliificha ndani ya ukali. Wachukuzi walidhani mimi ni mkali kwa sababu naijua kazi.

Makame Vuai alikuwa Mtumbatu, mtu wa kisiwani, mrefu, mwenye sauti ya pole kama anayezungumza na mgonjwa. Kabla ya kuja kwetu alikuwa baharia katika meli za kigeni kwa miaka sita, na kule alizoea taratibu ambazo kwetu hazikuwepo. Siku yake ya kwanza aliniuliza, "Bwana Seif, kamba za winchi hukaguliwa na nani?"

Nikamwambia, "Zinakaguliwa."

"Naam. Lakini na nani? Nataka nimjue."

Sikuwa na jina la kumpa, kwa sababu mtu huyo hakuwepo. Nikamwambia ashike kazi. Alishika, tena vizuri. Lakini hayakupita majuma mawili akawa na jengine. Mtu akiumia mkono, anamwambia nani, na huyo ataandika au atasema pole tu? Mwisho wa uzito wa kubeba mtu mmoja ni upi? Magunia ya dawa za mashamba yanayowasha ngozi, glavu zake ziko wapi? Mtungi wa kuzimia moto umefungiwa ofisini, na mwenye ufunguo huondoka saa tisa. Je, moto nao umeambiwa uje kabla ya saa tisa? Hili la mwisho liliwachekesha watu siku nzima. Wakampa jina la Bwana Suali. Walimcheka, lakini wakati wa chai niliwaona wanakaa karibu naye, na yeye anawaeleza mambo aliyoyaona huko. Siku moja nikapita nikamsikia anasema kwamba mahali palipofungwa pakikosa hewa, akianguka mmoja, wa pili asimfuate, kwa sababu naye ataanguka juu yake. Nilisikia nikapita.

Nitakwambia ukweli ambao sikumwambia mtu wakati ule. Makame hakunikasirisha kwa kuuliza. Nilikasirika kwa sababu majibu sikuwa nayo, na sikujua kwamba msimamizi anaweza kusema "sijui" akabaki msimamizi.

Ilikuwa wakati wa masika, wewe uko darasa la kwanza. Ikaja meli ndogo kutoka Pemba imejaa mbata. Mvua zilikuwa zimeichelewesha, mzigo umekaa siku nyingi tumboni mwa meli chini ya mifuniko, tena nazi zenyewe hazikuwa zimekauka sawasawa. Nyuma yake kulikuwa na meli nyengine inangoja nafasi. Mkubwa wangu aliniuliza kama nitaimaliza kabla ya magharibi. Nikasema nitaimaliza. Hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo. Nilipenda tu kuona anavyotikisa kichwa kwa kuridhika.

Mfuniko wa kwanza ukafunguliwa. Ikatoka harufu nzito, tamu, ya mafuta yaliyochacha, na joto kama la jiko. Nikamwita Makame ashuke kwanza, kwa sababu alikuwa mwepesi wa ngazi.

"Naam," akaitika, akaja. Akachungulia chini. Akarudi nyuma hatua moja.

"Bwana Seif, mfuniko huu umefunguliwa saa ngapi?"

"Sasa hivi, si umeona?"

"Basi tungoje. Mbata mbichi ikifungiwa inakula hewa. Tufungue na mengine, tuache upepo upite mpaka adhuhuri. Kuna chombo cha kupimia hewa hapa?"

Hakikuwepo. Sikuwahi hata kukiona. Watu walikuwa wamesimama, nahodha ananitazama, na mimi nahisi kile nilichorudishiwa kinaniponyoka mbele ya macho yao.

Nikasema kwa sauti kubwa, "Bahari zote ushazizunguka, leo unaogopa nazi kavu?"

Wakacheka. Makame hakucheka na hakukasirika. Akaniuliza kwa ile sauti yake: "Nauliza tu, Bwana. Nikikataa kushuka, nitafukuzwa?"

Rukia, mwanangu, suali lile lilikuwa halina ufedhuli hata chembe. Alitaka kujua mpaka wa haki yake, kama mtu anavyouliza njia. Nami nikamjibu: "Ukikataa, kesho usije."

Akawatazama wenzake. Akavua shati, akalikunja, akaliweka juu ya ubao, akashika ngazi. Alisema Bismillahi, nilimsikia. Akashuka hatua sita au saba. Akasimama, akainamisha kichwa pembeni kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Kisha mikono ikaachia.

Nikapiga ukelele, nikaruka kwenye ngazi. Miguu yangu ilikuwa imeshaingia ndani, mtu akanikamata kiunoni akanivuta nyuma, tukaanguka wote wawili. Alikuwa Ussi, mchukuzi mwenzake Makame, rafiki yake. Alikuwa analia huku amenikalia kifuani. "Kasema mwenyewe! Kasema wa pili asifuate! Kasema mwenyewe!"

Basi tukafungua mifuniko yote, tukatega turubai upepo uingie, na tulikuwa tunamwona pale chini, amelala juu ya mbata, mkono mmoja umeelekea juu. Hakuna kazi mbaya duniani kama kungoja hewa iingie mahali alipolala mtu uliyemwamrisha. Ussi alipoweza kushuka, amefungwa kamba kifuani, Makame alikuwa ameshaondoka duniani. Hakuwa na jeraha hata moja. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri ajibiwe.

Nilikuwa hai kwa maneno yake, maneno niliyoyasikia nikapita.

Jioni ile nilirudi nyumbani. Habari ilikuwa imeshafika mtaani kabla yangu. Wewe ulikuwa mtoto wa masuali, sijui kama unakumbuka. Ukiuliza kwa nini paka hafungi Ramadhani, kwa nini bahari haijai. Ulinishika kanzu ukaniuliza, "Baba, yule mtu kwa nini amekufa?" Nikakupiga. Nilikupiga usoni kwa mkono wote, ukaangukia mtungi wa maji. Mama yako akaja akakubeba. Sikuwahi kukupiga kabla ya siku ile wala baada yake, lakini ile moja ilitosha. Uliendelea kunisalimia, kunipakulia, kuniletea viatu. Masuali ukawa unampelekea mama yako. Mimi mpaka leo huniulizi kitu. Hata hii kazi ya Dar es Salaam ulinambia umeshaikubali.

Baada ya siku tatu akaja ofisa kuchukua maelezo. Tulikaa katika chumba kidogo, yeye na karatasi zake. Akaniuliza: "Marehemu aliamrishwa kushuka?"

Nikasema, "Alishuka mwenyewe, kabla sijatoa amri."

"Kuna aliyeuliza habari ya hewa?"

"Hapana."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Wakaitwa wachukuzi. Mmoja mmoja walinitazama kwanza, kisha wakasema hawakusikia kitu. Hata Ussi. Nao walikuwa na watoto, na wote walikuwa wamesikia lile neno langu la kesho usije. Ikaandikwa kwamba Makame Vuai amekufa kwa pupa yake. Mtu mwangalifu kuliko sisi sote, tukamwandika mzembe.

Mkewe, Bi Riziki, alipotoka eda alikuja mpaka kwenye geti la bandari akaniuliza mimi kwa jina. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyetazama watu machoni. Akasema, "Nimekuja kwa jambo moja. Mume wangu siku ile aliuliza nini?"

"Hakuuliza kitu, Bi Riziki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Makame hakuwahi kuingia hata kwenye chumba cha harusi yake bila ya kuuliza dirisha liko wapi," akasema. "Basi huyo mliyemzika si Makame." Akageuka akaenda zake.

Nilibaki msimamizi miaka tisa baada ya hapo. Hakuna kanuni mpya iliyobandikwa ukutani. Lakini wachukuzi wenyewe, bila ya amri ya mtu, wakaanza kufungua mifuniko na kukaa pembeni. Meli ikija na mzigo wa namna ile, wanafungua, wanakaa chini, wanavuta sigara mbali, wanangoja. Mara ya kwanza niliuliza wanangoja nini. Ussi akasema, "Saa ya Makame." Nikaenda nyuma ya ghala nikatapika. Kila meli ilipokuja nikasimama nao saa nzima nikisikia jina lile, na jioni nikarudi nyumbani kwa mtoto asiyeniuliza kitu.

Ulipokuwa na miaka kumi na sita, siku ile niliyokwambia nakwenda Mkokotoni kutazama samaki, nilivuka nikenda Tumbatu. Nilimkuta Bi Riziki nyuma ya nyumba ya kaka yake anasuka ukili wa mkeka. Nikapiga hodi. Alinijua mara moja.

Nikasema, nimesimama, "Bi Riziki, nimekuja kukwambia kwamba Makame aliuliza."

Mikono yake ikasita. "Aliuliza nini?"

Nikamwambia yote. Mfuniko, hewa, kuchekwa kwake, suali lake la mwisho.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilimjibu, ukikataa, kesho usije."

Mikono ikarudi kwenye ukili. Kisha akasema, taratibu, haniangalii: "Miaka tisa nimekuwa nikimgombeza maiti. Kila nikipata dhiki namwambia, Makame, siku moja tu hukuuliza, na ndiyo siku uliyoniacha. Nimemgombeza kaburini kwake, Bwana Seif. Idi mbili kila mwaka."

Nilianza kusema naomba radhi. Akainua mkono. "Sitokusamehe leo. Kesho pia usiningojee. Lakini Ijumaa hii utayasema haya msikitini, mbele ya ndugu zake, kama ulivyonambia mimi."

Nilikaa Tumbatu mpaka Ijumaa. Baada ya sala nikasimama nikasema. Watu walisikiliza. Mzee mmoja, baba yake mdogo Makame, akaniuliza, "Kwa nini leo, si siku ile?" Nikasema nilikuwa naogopa kazi yangu. Akatikisa kichwa, akavaa viatu vyake, akatoka. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenipa mkono pia. Nilirudi ufukweni peke yangu.

Kisha nikenda kwenye ile ofisi iliyochukua maelezo. Nilimkuta kijana mwenye heshima, akanipa kiti. Akatafuta, akarudi. "Mzee, jalada lenyewe halionekani. Na mambo haya yashapita."

"Basi fungua jengine," nikamwambia. Nikaandika kwa mkono wangu kurasa nne, nikatia sahihi. Sijui zilikwenda wapi. Baada ya mwezi nikaitwa na mkubwa wangu, nikaambiwa nimetumika vya kutosha, nikapumzike. Wewe uliambiwa ni mgongo. Mgongo wangu hauna kitu, Rukia. Mama yako alijua. Nilipomweleza, alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua, akasema, "Nilikuwa naingoja siku hii tangu ulipompiga Rukia." Nikamwomba asikwambie. Alikubali kwa sharti kwamba nitakwambia mwenyewe, na akafa sijatimiza.

Bi Riziki alifariki mwaka juzi. Nilipata habari zimeshapita siku tatu. Hakuwahi kuniletea neno la msamaha, na sikuwahi kumtuma mtu kulitafuta. Nimejifunza kuishi bila ya neno hilo. Si kuzuri, lakini kunawezekana.

Sikuandikii haya ili nikufundishe kazi. Kazi yako unaijua kunishinda. Huko kiwandani bila shaka kanuni zimebandikwa ukutani, na vipimo vipo, na glavu zipo, mambo aliyoyaomba Makame tukamcheka. Nasikia siku hizi kuna mafunzo kabisa. Lakini sisi pia tulikuwa na kitu cha kutuokoa siku ile. Kilikuwa kimesimama mbele yangu kinauliza mfuniko umefunguliwa saa ngapi. Huyo wa kwako atakapokuja, pengine atakuja siku umechoka, mkubwa wako anangoja, na watu wanakutazama. Pengine atakuwa na sauti ya kukera, au atauliza lile ulilomjibu jana. Utahisi uso unapata moto. Mimi ninaujua moto ule. Hautoki kwake yule anayeuliza.

Na ipo siku mtu atakuuliza kama akikataa atafukuzwa. Tafadhali, mwanangu, lijue jibu la suali hilo kabla hujaanza kazi. Waulize wakubwa zako, upate jibu lenyewe, tena wape watu wako kabla hata hawajalitaka. Usije ukalitunga papo hapo mbele ya ngazi.

Nimesema sikufundishi, na tayari nimeanza. Nisamehe. Wala sikuombi unisamehe kile kibao kwa sababu tu unasafiri kesho. Kikae kwako mpaka utakapoona mwenyewe.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, uisome ukirudi. Boti inaondoka saa moja asubuhi. Nitakuwa nimeamka kabla ya alfajiri, nimekaa ukumbini, mlango wangu uko wazi. Njoo ukae karibu yangu, uniulize chochote unachotaka: juu ya Makame, juu ya mama yako, juu ya siku ile ya mtungi. Nisilolijua nitakwambia silijui. Sitopaza sauti.

Aliyeandika ni baba yako,
Seif